Hajakataa, Hajasikia

Ukimpelekea Fundi kompyuta iliyokufa, usianze kwa kumwambia kwamba imekufa. Atakutazama juu ya miwani yake, atakufutia vumbi kwenye benchi, kisha atakusalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Kama ni jioni atasema, "Mwadila." Itabidi uitikie. Halafu zitafuata za utokako, za nyumbani, za watoto, za ng'ombe kama unao, za duarani, kule shimoni, kama wewe ni mchimbaji, na mvua, imenyesha kwenu au inapita tu juu juu. Yote hayo yakiisha ndipo atageukia lile kasha ulilolibeba kwapani na kuuliza, "Haya, na huyu mgeni wetu anaumwa nini?"

Watu wa hapa Rwamgasa tunajua. Wageni ndio huteseka. Nimewahi kumwona kijana mmoja wa mjini akiwa na haraka kweli kweli, anaanza, "Fundi, mashine yangu haiwaki," Fundi anajibu, "Mwangaluka." Kijana anasema, "Sawa, mwangaluka, lakini haiwaki." Fundi akamuuliza habari za mama yake. Kijana akashusha pumzi, akakaa. Alipoondoka alikuwa anacheka, na sisi wote tulishajua kwamba mama yake anafuga bata.

Mimi na Fundi ni majirani, tumetenganishwa na ukuta wa mabati tu. Upande wangu ninashona: sare za shule, magauni ya kanisani, na mara moja moja shela ya harusi, ambayo huwa naishona taratibu kuliko inavyotakiwa kwa sababu sitaki iishe. Upande wake anafufua kompyuta za mezani, zile kuukuu zenye matumbo makubwa ambazo maofisini wamezichoka. Mbele yetu iko njia ya kwenda mwaloni, kule wanakoosha mchanga wa dhahabu, na nyuma yetu liko karasha, mashine ya kusaga mawe, ambayo kelele yake ikianza hata mawazo yako huyasikii. Sijui Fundi alizaliwa wapi wala baba yake ni nani. Sijawahi kumuuliza. Ninayemjua ni huyu wa upande wa pili wa bati.

Shuleni niliishia kidato cha pili, kwa hiyo niliposikia neno Unix mara ya kwanza nilidhani ni dawa ya mifugo. Fundi alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia Unix ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa siku nyingi, una ndugu na watoto wengi, na jambo zuri ulilonalo ni kwamba haudharau mashine nzee. Mifumo mipya ukiiweka kwenye kompyuta ya zamani, inakuwa kama kumtwisha bibi kiroba cha mawe. Unix unamuuliza bibi kwanza, "Unaweza kubeba kiasi gani?" kisha unampa hicho hicho.

Kompyuta zake nyingi zilitoka ofisi moja ya upande wa Buzwagi ilipohamisha vitu vyake. Zilikuja kwenye lori, zimepangwa kama magunia ya mpunga, kila moja ina vumbi jekundu tumboni. Watu walimcheka. Yeye alisema, "Haya ni marudio." Mtu wa huku anaelewa mara moja. Marudio ni ule mchanga ambao wenzako wameshauosha wakautupa, na wewe unakuja kuuosha tena, unapata riziki.

Alinifundisha jinsi kompyuta inavyoamka, na tangu hapo sijawahi kuiona kama chuma.

"Kabula," aliniambia, "mashine hii ikipata umeme haianzi kazi. Inasalimia nyumba nzima. Inaita ramu, upo? Nipo. Inaita kibodi, upo? Nipo. Inaita kioo, inaita diski. Wote wakiitika, inapiga mlio mmoja mfupi, halafu inakwenda kumwamsha mwenye nyumba, huyo Unix, ambaye analala ndani ya diski. Mmoja asipoitika, inasimama pale pale mlangoni inalia. Wewe unasema imekufa. Haijafa. Ina adabu."

"Na asiyeitika anafanywaje?"

"Anafuatwa alipo."

Akaichomoa ramu, kile kijikadi chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu, akachukua raba ya kufutia penseli, akayasugua yale meno polepole kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Vumbi la Buzwagi likadondoka kwenye gazeti. Akairudisha mpaka ikalia "tak" pande zote mbili. Tukawasha. Mlio mmoja mfupi.

"Umeona? Hajakataa, hajasikia. Alikuwa na uchafu masikioni."

Hilo ndilo neno lake kubwa. Hajakataa, hajasikia. Mtu akija anaitukana kompyuta yake, anaipiga kofi ubavuni, Fundi anamshika mkono. "Usimpige. Hajakataa." Mtoto akitumwa dukani asirudi, Fundi anasema hajakataa. Mvua ikichelewa, vivyo hivyo. Ukimjua utaona kwamba hana neno lingine la kuutazamia ulimwengu.

Na mashine ikishaamka, yale maandishi meupe yakishamaliza kuteremka kwenye kioo cheusi, jambo la kwanza analoliandika ni neno *date*. Kompyuta inamjibu siku, mwezi na saa. Nilimuuliza kwa nini haanzi na la maana zaidi.

"Mgonjwa akizinduka anaulizwa nini?"

"Anaulizwa leo siku gani."

"Basi."

Unix unataka kila mashine iwe na jina, na Fundi anazipa majina ya ng'ombe. Yangu inaitwa Madoa kwa sababu ilikuja na rangi iliyobambuka. Kuna Kijivu, kuna Mkiamfupi ambayo waya wake wa umeme haufiki ukutani. Mchungaji mmoja kutoka porini, aliyekuja kuchajisha simu, alisikia Fundi anasema Kijivu ameanza kutetemeka jioni. Akamshauri ampeleke kwa daktari wa mifugo kabla hajaambukiza wengine. Fundi alimshukuru kwa heshima zote, "Wabeja sana, baba," na hakumsahihisha. Kijivu ilikuwa na yale mapipa madogo ya kutunza umeme kwenye bodi yaliyovimba vichwa, akambadilishia, akapona.

Mimi Madoa naitumia kuchorea mishono. Siku moja nitakuwa na duka lenye kioo mbele, na sanamu za kuvalishia zenye vichwa, siyo hizi za kiwiliwili tu, na mabibi harusi watatoka Geita, Kahama, hata Mwanza kuja kwangu. Jina la duka nimeshaliandika kwa maandishi ya aina nyingi, bado nachagua. Fundi anajua ndoto hiyo yote. Hajawahi kuicheka. Alichoniuliza ni kimoja tu: "Umehifadhi nakala?"

Kwa sababu hilo nalo ni ugonjwa wake. Nakala mbili, Kabula, moja hapa na moja nyumba nyingine. Moto haubishi hodi. Panya haombi ruhusa. Kila anayetoka kwenye kibanda chake anatoka na wimbo huo masikioni, na Rwamgasa hii utakuta hata Mama Doto, anayekaanga vitumbua pale mbele yetu, ana flashi mbili zenye picha za ubatizo wa mjukuu wake, moja kaifunga kwenye pindo la kanga.

Usidhani lakini kwamba Fundi ni malaika. Anahubiri polepole, yeye mwenyewe anakula amesimama, anameza ugali kama anafukuzwa. Anakataza watu kuzipiga mashine, nami kwa macho yangu nimemwona anaizaba kibao monita ya Mkiamfupi, kisha anatazama huku na huku. Anasema simu za kisasa zimeharibu vijana, lakini bila tochi ya simu haoni ndani ya kasha. Akikosea hasemi amekosea, anasema, "Ngoja kwanza," na hiyo ngoja kwanza inaweza kukaa wiki.

Na kubwa kuliko yote: yeye aliyemfundisha kila mtu kuweka nakala, kitu chake cha thamani kuliko vyote hakuwa na nakala yake hata moja.

Kitu hicho kilikuwa kwenye kona ya kibanda, juu ya meza ndogo, kimefunikwa kanga. Ilikuwa ni kompyuta inayoitwa Pembemoja, kwa sababu swichi yake ya mbele ilivunjika ikabaki nusu imechomoza. Pembemoja ilikuwa ya mke wake, Mama Fundi, marehemu.

Mama Fundi alikuwa mwenye sauti. Akicheka kule mwaloni, mimi huku nakosea mshono. Huku kwetu dhahabu inaleta watu wa kila kabila, wa kutoka pwani, Kigoma, Moshi, na wengi wakifika hawajui hata kumsalimia mkulima ili awauzie viazi. Mama Fundi alikuwa akiwahurumia. Akakaa mbele ya Pembemoja na kipaza sauti kidogo, akarekodi masomo ya salamu za Kisukuma. Anasalimia, anakaa kimya ili mwanafunzi aitike, kisha anaendelea na nyingine, mpaka ile ya kufungia, mhola, yaani kwema? Mgeni anakuja, anavaa spika za masikioni, anakaa pale anaitikiana na kompyuta kama mwendawazimu, na sisi tunakufa kwa kucheka. Fundi alimwambia mara nyingi, "Mama, tuweke nakala." Naye anajibu, "Nakala ya nini, si mimi mwenyewe nipo?"

Wiki ile ya msiba umeme ulikuwa unakatika na kurudi, unakatika na kurudi. Matanga yalipokwisha Fundi aliwasha Pembemoja. Nilikuwa mlangoni nimemletea uji. Mashine ilipiga mlio wake, maandishi yakateremka, halafu yakasimama katikati. Kulikuwa na mstari unaotaja diski, na neno la kosa. Fundi hakuusoma hadi mwisho. Alinyoosha mkono akaizima, akachukua kanga ya mkewe iliyokuwa kwenye msumari, akaifunika. Hakuifunua tena.

Mwanzoni sikuelewa. Mtu anayefufua kompyuta zilizonyeshewa mvua, iweje hii asiiguse? Baadaye nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kuliniuma. Kama angeifungua akakuta diski imekufa kweli, basi sauti ya Mama Fundi nayo imekwenda kaburini. Ikiwa imefunikwa, bado ipo ndani, inasubiri. Mwenyewe hakuwahi kunieleza hivyo. Ila vumbi alikuwa akiipangusa kila asubuhi.

Kanga ile ndiyo iliyomleta broka mmoja, Baba Kulwa. Huyu hununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, na kuna mtu alikuwa amemtia maneno kwamba ndani ya kompyuta kuna dhahabu. Ni kweli ipo, kama ute, imepakwa kwenye yale meno ya ramu. Baba Kulwa hakusubiri maelezo. Alikusanya kompyuta mbovu toka Bugarama, akazing'oa bodi zake zote, akazipeleka kwenye karasha kama mawe! Mlio uliotoka humo sijawahi kuusikia. Baadaye wakaenda kuosha mwaloni kama kawaida yetu, kwa maji na karpeti, na juu ya maji vikaelea vipande vya plastiki vya kijani, vya bluu, vya manjano, vinapendeza kama shanga. Dhahabu hata ya kupaka jino haikuonekana. Mwenye karasha akawa anamfukuza Baba Kulwa huku ameshika waya zilizojizungusha kwenye mashine yake.

Ungedhani amekoma. Kesho yake akaja kwa Fundi.

"Fundi, hizi zako unazionaje? Zile zangu zilikuwa za kiwango cha chini."

"Mwangaluka, Baba Kulwa."

"Mwangaluka, mwangaluka. Hasa hiyo iliyofunikwa kanga. Mtu hafuniki kitu bure."

"Za nyumbani? Watoto wazima?"

"Wazima. Fundi, mimi nipo tayari kuizungumza."

"Na mama yao?"

Baba Kulwa akatazama kanga. Nadhani ndipo alipoikumbuka, maana mkewe ana sare yake, walizivaa pamoja kwenye harusi moja. Akavua kofia. "Mama yao mzima," akasema taratibu. "Bado anamlilia shoga yake." Akakaa kwenye benchi, na Fundi akammiminia chai. Hawakuongea tena habari za dhahabu.

Sasa nije kwenye masikio.

Kutokana na kelele za karasha, mimi na Fundi hatupigi kelele kupitia bati. Alitoboa tundu, akapitisha waya kutoka mashine yake Kijivu mpaka Madoa, akanionyesha kwamba Unix una njia ya zamani ya watu wawili kuandikiana, mmoja akiandika maneno yanatokea kwenye kioo cha mwenzake. Basi tukawa tunaongea hivyo mchana kutwa. "Una sindano kubwa?" "Chai tayari." "Mteja wako ana mdomo." Ndiyo maana mimi, jirani yake wa karibu kuliko wote, nilikuwa wa mwisho kujua.

Wa kwanza alikuwa Mama Doto. Alikuja kwangu amefura, ameacha vitumbua kwenye mafuta.

"Huyo Fundi wako ameota mapembe!"

"Kafanya nini tena?"

"Nimemsalimia, kanipita kama mti. Jana nikadhani ana mawazo. Leo tena! Yeye, aliyetufundisha kwamba hata kompyuta inasalimia! Mwambie vitumbua vyangu asivile."

Huku kwetu kutoitikia salamu siyo jambo dogo. Ni kama kumwaga maji ya mtu. Na haikuwa Mama Doto peke yake. Wachimbaji walishaanza kusema Fundi ana maringo, kapata hela za mgodini. Mchungaji yule wa Kijivu alipita akaenda zake amenuna. Nikawa nawabishia, lakini moyoni nilikuwa na wasiwasi.

Halafu siku moja karasha liliharibika, mtaa ukawa kimya, na mimi nikasikia upande wa pili kompyuta inalia. Mlio baada ya mlio, bila kukoma. Ni ule wa ramu, hata mimi mshona nguo naujua. Nikachungulia. Fundi alikuwa amekaa mbele yake kabisa, anakagua waya wa umeme, ameuchomoa na kuuchomeka, uso umekunjamana, na mashine inamlilia puani.

Nilirudi kwa Madoa.

"Fundi, hiyo mashine inalia."

Akajibu, "Ipi?"

"Hiyo mbele yako."

"Karasha linanichanganya."

"Karasha limeharibika tangu asubuhi, Fundi."

Nilisikia kiti chake kinalia, halafu kikohozi. Nikaona nikiacha hapo sitathubutu tena, nikaandika yote: Mama Doto, wachimbaji, yule mchungaji. Kisha nikaongeza, "Nimewaambia hujakataa. Hujasikia."

Na mimi, kiherehere changu, machozi yananidondokea kwenye kitambaa cha shela ya watu, nikaandika lile ambalo hakuna aliyekuwa amemwambia. "Pembemoja utamsikiliza lini? Masikio yakienda yote, hata diski ikiwa nzima itakusaidia nini?"

Kijivu ikazimwa. Nilijua kwa sababu kioo changu kilisema mwenzako ameondoka.

Siku zilizofuata aliniitikia shikamoo yangu kwa kichwa tu. Mimi nilizunguka kwa majirani nikawaeleza: ukitaka kumsalimia Fundi, mguse bega kwanza, akugeukie, akuone mdomo. Mama Doto alilia mpaka vitumbua vikaungua. Kesho yake alikwenda na sahani ya vitumbua, akamgusa bega, akasema, "Mwangaluka, Fundi," naye akamwitikia salamu ndefu yenye kila kitu, mpaka na bata wa yule kijana wa mjini. Akarudi na sahani tupu.

Lakini kanga ilibaki pale pale.

Ilikuwa juzi juzi hapa, mchana, umeme ulipokatika. Wengine wote walikuwa wanalaani. Umeme ukikatika makarasha yote yananyamaza, na ndipo unagundua kwamba Rwamgasa ina ndege, ina watoto, ina mtu anayepiga mluzi mbali kule mashimoni. Nikasikia bati linagongwa. Nilipotoka, Fundi alikuwa amesimama katikati ya kibanda chake ameshika ncha ya kanga. Amevaa shati la kanisani.

"Shikamoo, Fundi," nikasema, nikihakikisha ananiona.

"Marahaba, Kabula. Leo kumetulia. Nina betri ya sola imejaa." Akagusa sikio lake. "Wewe utakuwa masikio."

Akaikunja ile kanga vizuri, nne nne, akanipa niishike. Akafungua kasha. Akapuliza vumbi, akasugua ramu kwa raba, akabana kila waya kwa kidole gumba. Mikono ilikuwa inajua kila inapokwenda. Akawasha.

"Inasemaje?"

"Mlio mmoja mfupi."

"Wote wameitika," akasema, kama anayejiambia.

Maandishi yakaanza kuteremka. Yakafika pale pale, yakasimama. Ule mstari. Diski, kosa. Niliona mkono wake unanyooka kwenda kwenye swichi, nikaushika. Samahani, nilimshika mkono mtu mzima.

"Fundi, usome mpaka mwisho."

Aliinama, miwani karibu iguse kioo. Alisoma kwa midomo. Alisoma tena. Kisha akakaa chini taratibu, akaanza kucheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu.

"Kabula. Inalalamika kwamba diski yake ilitumika mara ya mwisho siku ambayo bado haijafika."

"Siku ambayo haijafika? Inawezekanaje?"

"Betri ya saa!" Akajipiga paji la uso. "Kile kibetri bapa kama sarafu. Kilikufa wiki ile ya msiba, umeme ulipokuwa unakatika. Saa ikarudi nyuma miaka na miaka. Inaamini leo ni zamani kabisa, kabla hata sijamuoa. Ikiitazama diski inaona kazi ya Mama humo, inasema, huyu ni nani, huyu bado hajaja. Inaogopa kufungua." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Kila mgonjwa nilimuuliza leo siku gani. Huyu sikumuuliza."

Kibetri kipya kilikuwemo kwenye droo yake muda wote, kwenye kopo la vifungo nilivyompa mimi. Akakibadilisha. Akaiwekea saa siku ya leo, kwa kuitazama kwenye simu yangu. Akawasha tena. Mlio mmoja mfupi, nikamwonyesha kidole kimoja. Maandishi yakateremka, yakafika pale, nikafumba macho. Nilipofumbua yalikuwa yameshapita, na alama ya kusubiri ilikuwa inapepesa.

Akaandika *date*. Ikamjibu leo.

Akaorodhesha faili. Zikatokea zote, zimejipanga: asubuhi, jioni, mgeni, shambani, msibani. Nikamgusa bega.

"Fundi, kwanza tuhifadhi nakala. Nina flashi. Nakimbia kuileta."

"Ngoja kwanza," akasema.

Akachomeka spika, ile ndogo ya mbao aliyoitengeneza mwenyewe. Hakuiweka sikioni. Aliishika kwa viganja viwili, akaikumbatia kifuani kama mtu aliyepakata kuku. Akachagua ya jioni. Akabonyeza.

Kwanza kulikuwa na mkwaruzo, jogoo mbali, na Mama Fundi akimwambia mtu, "Hebu nyamazeni huko, narekodi." Halafu sauti ikaja, ile ile, ikajaza kibanda. Nje nikasikia Mama Doto anaangusha mwiko.

"Mwadila."

Kisha kimya, ule aliouacha kwa ajili ya mwanafunzi. Nilitaka kumpa Fundi ishara kwamba ni zamu yake, lakini sikuhitaji. Spika ilikuwa imeacha kutetema kwenye viganja vyake, na hapo alijua.

"Mwadila, mayu," akaitika, akimwita mama kama zamani.

Akaulizwa za kushinda. Akajibu. Akaulizwa za nyumbani, akajibu kwamba nyumbani ni pakubwa mno siku hizi. Za shamba. Za mvua. Kila alipokuwa anakaa kimya yule, huyu aliingia, hakukosea hata mara moja, hakuharakisha. Mlangoni watu walikuwa wameshasimama, Mama Doto mbele yao, na hakuna aliyeingia wala kukohoa, maana hujipenyezi katikati ya watu wanaosalimiana.

"Mhola?" Mama Fundi aliuliza mwishoni.

Fundi akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa ule ubao.

"Mhola," akasema. "Mhola, mke wangu. Nilikuwa sijasikia."